Aliyepima Mabaki: Historia ya Uchenjuaji wa Dhahabu na Fundisho Lake kwa Wachimbaji Wetu

Katika madarasa ya siasa tunayoyaendesha hapa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, kuna swali moja linalorudi kila tunapofika kwenye somo la nguvu za uzalishaji. Huulizwa na vijana waliokwisha kufanya kazi machimboni. Wanasema: sisi ndio tunaoshuka duarani, sisi ndio tunaopandisha mawe, sisi ndio tunaoyapeleka kwenye karasha, imekuwaje basi anayetajirika awe yule anayechukua mchanga tuliokwisha kuumaliza?

Swali hili halijibiwi kwa hasira, wala kwa kumtukana mwenye mali. Linajibiwa kwa historia. Mchanga huo una historia yake, na ndani ya historia hiyo yumo mkemia mmoja aliyefundisha ulimwengu kutoa dhahabu mahali ambapo watu walidhani imekwisha. Kada anayetaka kuwasaidia wachimbaji bila kuijua historia hiyo atakuwa anapiga domo tu.

Mabaki ni ya nani?

Tuanze na hali ilivyo. Wachimbaji wadogo wengi wa Kanda ya Ziwa huosha mawe yaliyosagwa kwa maji, kisha hunasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki hushikana na punje za dhahabu zilizo wazi. Haiipati vizuri dhahabu iliyo laini kama vumbi, na haiifikii kabisa ile iliyofungwa ndani ya punje ya jiwe. Kwa njia hiyo mara nyingi mchimbaji hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo. Nyingine hubaki katika mchanga, na mchanga huo ndio unaoitwa marudio.

Mahali pengi desturi ni kwamba mchimbaji huondoka na kile kilichonaswa na zebaki, na marudio hubaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo kama sehemu ya malipo yake. Baadaye marudio hayo hupelekwa kwenye matangi ya sianidi, na dhahabu iliyobaki hutolewa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mchimbaji ana tani 10 za mawe, na kila tani ina gramu 12. Jumla ni gramu 120. Zebaki ikimpa gramu 40, marudio yana gramu 80. Mwenye matangi akifaulu kutoa asilimia 80 ya hizo, atapata gramu 64. Aliyeshuka duarani amepata 40, tena atazigawana na mwenye shimo, wenzake wa zamu na aliyewakopesha chakula. Ambaye hakushuka amepata 64. Hapa hakuna aliyevunja mlango wala aliyeiba usiku. Mapatano yamefanyika mchana kweupe, lakini mmoja wa wanaopatana hajui kilichomo katika anachokiacha.

Mwanafunzi wa majivu

John Stewart MacArthur alizaliwa mwaka 1856 mjini Glasgow, Uskoti. Aliingia kazini akiwa kijana mdogo katika maabara ya kampuni ya Tharsis Sulphur and Copper. Kampuni hiyo ilichimba piriti nchini Hispania, yaani mawe yenye chuma na salfa. Viwanda vya tindikali viliyachoma mawe hayo kwa ajili ya salfa yake, na majivu yaliyobaki ndiyo yaliyotolewa shaba, na kwa kiasi kidogo fedha na dhahabu. Kwa hiyo tangu ujana wake MacArthur alilelewa katika kazi ya kutafuta mali ndani ya kitu ambacho wengine walikwisha kukitumia. Shule yake ilikuwa majivu.

Wakati huo wenye migodi duniani walikuwa na tatizo kubwa. Dhahabu ya juu ya ardhi, iliyokwisha kuozeshwa na mvua na hewa, ilinaswa kwa zebaki bila shida. Lakini kadiri walivyochimba kwenda chini ndivyo walivyokutana na mawe magumu yenye salfa, na humo zebaki ilishindwa. Njia nyingi zilijaribiwa. Kampuni moja ya Glasgow, Cassel Gold Extracting, ilijaribu kutumia klorini na haikufanikiwa. Ndipo MacArthur, pamoja na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest, walipoanza kujaribu kemikali moja baada ya nyingine mjini humo.

Hatuna budi kusema wazi kwamba hawakuanzia patupu. Mwaka 1783 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alikwisha kuona kwamba maji yenye sianidi huyeyusha dhahabu. Tangu mwaka 1840 mafundi wa Birmingham walikuwa wakitumia sianidi kupaka vyombo dhahabu kwa umeme. Mwaka 1844 Bagration alichapisha uchunguzi wake nchini Urusi kuhusu jambo hilo hilo, na mwaka 1846 Mjerumani Elsner alionyesha kwamba oksijeni ya hewa ni ya lazima katika kuyeyuka huko. Maarifa ya mvumbuzi, kama ilivyo mali yoyote, yana jasho la wengi waliomtangulia.

Kosa la 1886 na sahihisho la 1887

Sasa tunafika kwenye tukio ambalo tungependa kila kada alikumbuke. Mnamo Novemba 1886 MacArthur na wenzake waliijaribu sianidi. Waliloweka mawe yaliyosagwa, wakachuja, kisha wakayapima yale maji. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kupitisha gesi yenye harufu ya mayai viza. Kama dhahabu imo katika maji, ingejitenga na kuonekana. Haikuonekana. Wakaandika kwamba sianidi haifai, wakaendelea na mambo mengine.

Ulipita karibu mwaka mzima. Mnamo Oktoba 1887 walirudia, na safari hii walibadilisha jambo moja: badala ya kupima maji, walipima mchanga uliobaki. Wakakuta dhahabu haimo tena. Ilikuwa imekwenda wapi? Ilikuwa katika yale maji, imeshikwa na sianidi kwa nguvu kiasi kwamba kipimo cha zamani hakikuweza kuidhihirisha. Sianidi ilikuwa imefanya kazi tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa kipimo sahihi, na kipimo hicho kilikuwa cha mabaki.

Tarehe 19 Oktoba 1887 waliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wao. Jipya lao lilikuwa kutumia sianidi kidogo sana ndani ya maji mengi, kwani maji hafifu huifuata dhahabu na kuacha sehemu kubwa ya madini mengine yasiyo na faida. Mwaka uliofuata waliongeza njia ya kuirudisha dhahabu kutoka katika maji kwa kuyapitisha kwenye vinyweleo vya zinki. Zinki huyeyuka, dhahabu huganda. Pamoja na hayo chokaa hutiwa ili maji yasiwe na uchachu, maana sianidi ikikutana na uchachu hutoa gesi inayoua.

Njia hiyo ndiyo mama wa matangi tunayoyaona leo. Kilichobadilika zaidi ni kwamba mahali pa zinki mara nyingi pamechukuliwa na kaboni inayotengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kaboni hufyonza dhahabu kutoka katika maji, kisha hupelekwa kwenye mtambo ambao wachimbaji huuita elusheni, ambako dhahabu hutenganishwa nayo.

Nani alifaidi?

Njia hii ilianza kutumika kibiashara mwaka 1889 katika mgodi wa Crown, huko Karangahake, New Zealand. Lakini mahali ilipotikisa dunia ni Transvaal, Afrika Kusini. Dhahabu ya Witwatersrand ilitangazwa mwaka 1886, na kufikia mwaka 1889 machimbo yalikuwa yamegota kwenye mawe yenye salfa. Bei za hisa zikaporomoka, na wengi wakaamini kwamba Johannesburg imekwisha. Mwaka 1890 njia ya sianidi ilionyeshwa katika mgodi wa Salisbury. Marundo ya mchanga uliotupwa yakageuka kuwa mali, na dhahabu iliyotolewa ikapita asilimia 90 ya ile iliyokuwamo.

Mtu anayeitazama mashine peke yake angetarajia kwamba neema hiyo ingemfikia kila aliyefanya kazi. La hasha! Mawe ya Witwatersrand yana dhahabu kidogo katika kila tani, na yapo chini sana. Sianidi iliyafanya yawe na faida, lakini kwa sharti la kuchimba na kusaga tani nyingi mno, na hilo lilihitaji mitaji mikubwa pamoja na watu wengi wa kulipwa kidogo. Wenye migodi walijiunga katika Chemba yao, na mwaka 1897 wakapunguza ujira wa wafanyakazi Waafrika. Mtandao wao wa kuandikisha vibarua, uliojulikana kwa jina la Wenela, ulipanuka mpaka ukawafikia hata vijana wa kusini mwa Tanganyika. Serikali yetu ilikomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru.

Mvumbuzi je? Hataza katika Transvaal ilishikwa na kampuni iliyoitwa African Gold Recovery, iliyowatoza ada wenye migodi. Wenye migodi waliipinga mahakamani, na mwaka 1896 mahakama ikaifuta kwa hoja kwamba jambo hilo lilikwisha kujulikana kabla. Watu waliosema kwamba maarifa hayawezi kuwa ya mmoja walikuwa wale wale waliosema kwamba dhahabu ni yao peke yao! MacArthur aliendelea na kazi yake ya kutoa kidogo katika kingi. Baadaye alianzisha kiwanda cha kutoa radiamu, akafariki mwaka 1920.

Katika nchi hiyo ya New Zealand mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1897 serikali ilitunga sheria na kununua haki ya kutumia njia hiyo kwa pauni 10,000, ikawaruhusu wachimbaji waitumie kwa ada ndogo ya kurudisha gharama. Hatusemi kwamba serikali ile ilikuwa ya kijamaa. Ilikuwa serikali ya walowezi juu ya ardhi ya Wamaori. Tunasema tu kwamba kemia ilikuwa moja, sianidi ilikuwa moja, lakini swali la nani anamiliki maarifa lilijibiwa kwa njia mbili, na matokeo yakawa mawili.

Tanganyika: migodi bila mafundi

Kwetu dhahabu ya kandokando ya Ziwa ilitambuliwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulianza mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita. Chini ya Waingereza ikaja migodi ya Geita, Kiabakari na Buhemba. Geita na Kiabakari ilifungwa mwaka 1966.

Katika miaka yote hiyo Mwafrika alikuwa wa kuchimba, kusukuma toroli na kubeba magunia. Maabara haikuwa mahali pake. Alijua uzito wa jiwe begani, hakujua uzito wa dhahabu ndani ya jiwe. Ndiyo maana migodi ilipofungwa, yalibaki mashimo, nyumba na marundo ya mchanga, lakini watu wenye ujuzi wa kuyarudia marundo hayo walikuwa wachache. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiweka ardhi na madini katika orodha ya njia kuu za uchumi, na mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Hata hivyo, na tujikosoe, kutaifisha njia ya uzalishaji ni jambo la siku moja, na kuwafundisha wananchi kuiendesha ni jambo la kizazi.

Udhaifu huo ulijitokeza mwaka 2017 katika suala la makinikia. Mwezi Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga wa madini kwenda nje. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilipima yaliyomo katika makontena yaliyokuwa bandarini, na kampuni iliyohusika ikayakana matokeo yake. Mvutano ulimalizwa kwa makubaliano na Barrick, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Lolote mtu atakalosema kuhusu hesabu za pande mbili, kiini cha mgogoro kilikuwa kile kile cha Glasgow mwaka 1887: ni kiasi gani kimebaki katika mchanga, na ni nani mwenye uwezo wa kukipima? Tangu hapo yamefunguliwa masoko ya madini kuanzia mwaka 2019, na kiwanda cha kusafisha dhahabu mjini Mwanza mwaka 2021, ambacho STAMICO ina hisa.

Mizani ya pamba na mizani ya dhahabu

Baadhi ya vijana wetu husema kwamba haya ni mambo ya wataalamu, hayamhusu mwananchi wa Busega. Tunawajibu kwa kuwakumbusha pamba. Mkulima huuza pamba yenye mbegu ndani yake. Kinu kikishachambua, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito, na theluthi mbili hivi ni mbegu, ambayo hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Mabaki hayo yana bei. Wazee wetu walilijua hilo, tena walilijua kwa kuanzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Kutoka kwenye mizani walifika kwenye vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Muda si mrefu shirikisho hilo likawa na vinu vyake.

Hatuwezi kuficha kwamba ushirika ule ulikuja kupata maradhi. Wizi, uzembe na viongozi kujitenga na wanachama viliuchosha umma, na mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Fundisho lake si kwamba ushirika haufai. Fundisho ni kwamba chombo cha wananchi kisipokaguliwa na wananchi hugeuka kuwa bwana mpya.

Basi tunamjibu kijana aliyetuuliza swali la mwanzo. Mwenye matangi anatajirika kwa sababu tatu: anajua kilichomo katika marudio, ana chombo cha kukitoa, na ana akiba ya kungoja siku ambazo sianidi inafanya kazi yake. Mchimbaji hana hata moja kati ya hizo. Anauza leo kwa sababu anataka kula leo, na anauza gizani kwa sababu hakupima. Kati ya mapungufu hayo matatu, la kwanza ndilo jepesi kuondoa. Kikundi chenye leseni ndogo kinaweza kuchukua sampuli za marudio yake na kuzipeleka maabara kabla ya kupatana bei. Sampuli ichotwe sehemu nyingi za rundo, juu, katikati na chini, ichanganywe, ndipo igawanywe; anayechota mahali pamoja anajidanganya mwenyewe. Kikundi kikishajua idadi ya gramu, kinaweza kudai sehemu yake katika marudio, au kuungana na vikundi vingine kuomba leseni ya uchenjuaji.

Lakini hapa lazima tuonye. Matangi hayajengwi kwa ari peke yake. Sianidi huua mtu, huua ng'ombe, huua samaki. Aidha, marudio yetu yamekwisha kutiwa zebaki, na sianidi ikikutana na zebaki huiyeyusha na kuisafirisha mbali pamoja na maji. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unahesabu kuchenjua kwa sianidi mchanga ambao haujaondolewa zebaki kuwa miongoni mwa vitendo vibaya vya kukomeshwa. Busega inatazamana na Ghuba ya Speke. Dagaa tunaowala na maji tunayoyachota yanatoka huko. Ushirika utakaojipatia gramu 64 kwa kuutia sumu mwambao utakuwa umewanyonya wavuvi kama ambavyo wengine waliwanyonya wachimbaji.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha elimu hii. Katika vilima vya Ngasamo na Wamangola, upande huu wa Busega na ule wa Bariadi, watafiti wamekwisha kuthibitisha kuwako kwa nikeli. Nikeli ya namna ile haioshwi kwa karai wala hainaswi kwa zebaki. Hutolewa kwa tindikali, ndani ya mitambo, na watu wanaojua kupima. Siku mitambo hiyo itakapojengwa, vijana wa Nyashimo watakuwa wapi? Langoni wakisubiri kazi ya ulinzi, au ndani ya maabara?

MacArthur na wenzake walipoteza karibu mwaka mzima kwa kutopima mabaki. Sisi tumepoteza zaidi ya huo. Kada anayekwenda machimboni wiki hii asianze na hotuba. Aanze kwa kuuliza: rundo lile ni la nani, na ndani yake mna gramu ngapi? Kama hakuna anayejua, kazi yake ya kwanza ameipata.